Dakika ya Arobaini na Saba

Winnipeg, Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na barua tatu jikoni kwa Oryssia
kati ya bakuli la viazi na bili ya umeme.

Filamu yetu ina dakika tisini na moja.
Ilikula dola elfu thelathini na nane,
pikapu ya marehemu baba yangu,
na magunia mawili ya bitiruti,
maana damu ya dukani ni ghali
na mama yake Oryssia ni fundi wa kuchemsha wekundu.

Mlinzi wa zamu ya usiku kwenye ghala la nyama
anasikia mtu akigonga, kutoka ndani,
mlango wa chumba kilichofungwa tangu msimu uliopita.
Hilo tu. Mlinzi ni mjomba Bohdan,
dereva wa basi mstaafu, hajawahi kuigiza.
Alitetemeka kweli kwa sababu baridi ilikuwa kweli.

Barua ya kwanza imetoka Los Angeles.
Wanataka haki zote kwa miaka kumi na mitano,
duniani kote, na katika ulimwengu
unaojulikana na utakaojulikana baadaye.
Oryssia akacheka hadi chai ikamwagika:
"Hata kwenye Zohali mjomba atatetemeka bure!"
Bure ndilo neno. Malipo ya awali: sifuri.
Gharama zao za kutangaza zitatangulia kukatwa,
na gharama hizo hazina dari:
unainua macho, unaona anga,
na anga nayo ni yao.
Bango wameshatuchorea, msichana mwenye bastola.
Filamu yetu haina msichana.
Haina bastola.

Ya pili, Toronto. Dola elfu nane, taslimu.
Elfu nane! Nilizigawa kichwani kabla sijakunja karatasi:
kadi ya kwanza, kadi ya pili, jino la Oryssia.
Sharti, tukate dakika kumi na moja
pale ambapo "hakuna kinachotokea".
Lakini ndipo hapo, jamani, ndipo hapo!
Bohdan ameweka sikio mlangoni,
pumzi yake inaganda kwenye chuma,
nasi tunangoja.
Ondoa kungoja, utabaki na mzee na friji.

Nikampigia yule wa Los Angeles,
nikamwuliza kwa upole, kama mtu anayejulia hali watoto:
"Mwisho umeuonaje?"
"Moto kabisa," akasema. "Hasa pale anapofyatua."
Nikamshukuru.
Tumezoea kuonywa tusiuziwe mbuzi kwenye gunia.
Huyu alitaka gunia;
habari za mbuzi hakuwa nazo.

Ya tatu ni ukurasa mmoja, umekunjwa vibaya,
wa Ghislaine Perrault, Gravelbourg, Saskatchewan.
Miaka miwili. Majimbo matatu ya nyika.
Kumbi kumi na moja, mbili za kanisa, viti vya kukunja.
Nusu kwa nusu, na gharama zisipite dola mia sita,
kila senti na risiti yake.
Chini kabisa, kwa kalamu:
"Dakika ya arobaini na saba, aliyegonga ni nani?
Sijalala tangu Jumanne."

Oryssia alitaka Toronto.
Nisiseme uongo, hata mimi, kwa usiku mmoja.
Jino likiuma halisikilizi habari za sanaa.
Tuligombana; alinirushia kiazi,
nikakidaka, nikakimenya, tukakila.

Asubuhi akaja na kalamu, shavu limevimba.
"Huyo mwanamke hajalala," akasema,
akatia sahihi.

Mwezi wa nne bahasha ikafika:
hundi ya dola mia mbili na kumi na mbili,
risiti ya petroli,
na leso ya karatasi yenye vistari vya kuhesabia vichwa.
Watu kumi na tisa.
Mmoja, ameandika Ghislaine, alitoka katikati,
akasimama kwenye theluji, akamaliza sigara nzima.
Alirudi.
Lakini aligonga kwanza.